Kilima Nilichokiweka Kijijini kwa Bi Wini

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa kumi, mwanangu. Maua ya mijakaranda yalikuwa yamemwagika barabarani mpaka viatu vyangu vya shule vinateleza, nami napanda mlima wa Kensington na kijitabu kilichoungua ndani ya begi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Alasiri ile nilisema uongo mmoja mdogo, tena kwa sauti ya adabu kabisa, na ule uongo nusura umtoe bibi mmoja nyumbani kwake.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wewe huna haraka. Unalala kutwa nzima, ukiamka unanyonya, ukishiba unalala tena.

Mimi ni shangazi yako, Zuhura. Nina miaka kumi na saba na mtihani wa hesabu Jumatatu, na najua mtu wa namna hiyo akimwita mwenzake "mwanangu" anachekesha. Lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hata kama wewe mwenyewe bado unatumwa dukani. Keshokutwa unatimiza siku arobaini. Katika ukoo wetu, siku ya arobaini mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza, na anayembeba ni shangazi. Anamzungusha nje ya nyumba mbele ya watu wote, anamtajia anachokiona: huu mlango wenu, ile barabara, kule dukani. Mwisho kabisa anamgeuza kuelekea kule ukoo ulikotoka, anamweleza kwao kukoje. Ndipo watu wanaitikia, wanakula.

Mama yako amezaliwa Lubumbashi, kwao hawana desturi hii, na wiki nzima amekuwa akinicheka. "Wifi, we unaogopa kusema mbele ya mutoto? Ni mutoto tu, haitakucheka!"

Siogopi wewe. Naogopa wale watu watakaojazana uani hapa mtaani kwetu Observatory na masufuria yao. Na zaidi naogopa ile sehemu ya mwisho, kwa sababu kwetu mimi sijawahi kufika. Nimezaliwa hapa hapa Johannesburg. Tanga naijua kwa simu. Kwa hiyo nakuandikia kwanza, maana kuandika naweza.

Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka wa 2015, maduka ya wageni yalipokuwa yanavunjwa, Mama alitukalisha mimi na baba yako akatuambia, "Mkiwa kwenye teksi, Kiswahili kibaki nyumbani." Baba yako alikuwa mkubwa, akajua ni kwa muda. Mimi nilikisikia kama amri ya maisha. Kizulu changu kilikuwa na kasoro, Kiingereza changu shuleni wakikiiga, basi nikaona afadhali nisitumie chochote. Mwalimu akiuliza jambo ninalolijua, nilikuwa naandika jibu pembeni mwa daftari, naliangalia, nalifuta.

Wakati huo Mama alikuwa anamtunza bikizee mmoja Mwingereza kule Kensington. Tulimwita Bi Wini. Alikuja Johannesburg akiwa bi harusi, mumewe anafanya kazi ofisi ya mgodi, mume akafa, yeye akabaki kwenye nyumba ile ya baraza la mawe na paa la bati jekundu. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Ukikaa mbele yake hakuoni; ukikaa pembeni anaona ukungu wenye umbo la mtu. Mimi nikitoka shule nilikuwa nashuka Observatory, nakatiza bonde la Bez Valley, napanda tena Kensington, namngoja Mama amalize kazi turudi pamoja. Kushuka na kupanda, kila siku. Kumbuka hilo, lina maana mbele.

Siku ya kwanza Bi Wini aliniuliza kama najua kusoma. Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Ameondoka?" akamwuliza Mama.

"Yupo, Bi Wini. Anatikisa kichwa."

"Mwambie hapa kwangu kichwa hakisikiki."

Alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakukijua. Mimi ndiye ninayekuandikia kwa lugha yetu. Nilicheka, na kile kicheko ndicho kitu cha kwanza alichokisikia kutoka kwangu. Akapapasa mezani, akanipa kijitabu chembamba cha jalada la kijani.

Kilikuwa kijitabu cha matembezi. Kilieleza mji mmoja mdogo wa Uingereza, upande wa mashariki, unaoitwa Ely, na vijiji vinavyouzunguka, kimoja kimoja: mtembea kwa miguu apite wapi, asimame wapi, aangalie nini. Bi Wini alizaliwa katika kimojawapo, kinaitwa Prickwillow, maili nne kutoka mjini. Alitaka nimsomee siku tatu kwa wiki.

Sijui nikuelezeje raha niliyoipata, mwanangu. Nilikuwa nasoma kwa sauti na hakuna anayeniangalia mdomo. Nikikwama, Bi Wini ananisubiri, kidevu juu, kama mtu anayesubiri roboti, taa ya barabarani, igeuke kijani ili avuke. Na mahali penyewe palikuwa kama pa ndotoni. Ardhi ya kule ni tambarare kama sinia. Zamani ilikuwa maji na matete matupu, na mikunga, wale samaki kama nyoka, na hata mji wenyewe jina lake linasemekana limetokana nao. Watu wakachimba mifereji, wakakausha, ikabaki ardhi nyeusi kama mkaa uliosagwa. Palipoinuka ni pale penye mji, na hapo wakajenga kanisa kuu, kubwa kuliko mji wenyewe, na katikati yake mnara wa pembe nane wenye vioo, umebebwa na magogo mazima ya miti. Ukiwa kijiji chochote, inua kichwa utaliona. Asubuhi za ukungu miguu yake hupotea, likawa linaelea. Wenyeji wanaliita meli.

Nikisoma hivyo, mimi kwenye dirisha la Bi Wini naona mnara wa Hillbrow, ambao nao unaonekana kutoka kila mahali. Basi vitu vikaanza kuchanganyika kichwani. Nikilala, kanisa linahamia Hillbrow. Nikitembea Bez Valley, naona matete kando ya barabara na mikunga inapita taratibu chini ya magari. Nilikuwa naishi miji miwili, na katika ule mmoja hakuna aliyeniambia nirudi kwetu.

Tulikuwa na mchezo wetu. Kabla ya kusoma, Bi Wini anauliza, "Leo tunakwenda wapi?"

"Wicken, Bi Wini."

"Kule kuna upepo. Lete makoti."

Nami naleta koti lake la kahawia na jezi yangu ya shule, tunavaa, jua la Johannesburg linatuchoma dirishani, tunakaa. Mama akipita na ndoo anatukuta tumejifunga vifungo mpaka shingoni.

"Haya, mnakwenda wapi tena nyinyi wawili?"

"Wicken, Mama. Kuna kinu cha upepo."

"Mrudi kabla chai haijapoa. Na msiniletee matope."

Tulikwenda Wicken kwenye matete. Tulikwenda Stuntney, tukatazama kanisa likiwa ng'ambo ya mashamba. Tulikwenda Coveney. Prickwillow tukakiacha cha mwisho, kama mtoto anavyoiweka nyama pembeni mwa sahani. Bi Wini mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. "Kwetu tusiende haraka," alisema. "Nikishafika sitakuwa na pa kwenda."

Na sasa nakuja kwenye kosa langu.

Siku ya kuamkia Prickwillow nilikichukua kijitabu nyumbani bila kuomba. Sikutaka kuiba. Sisi wenye haya ndivyo tulivyo, tunataka kufanya mazoezi ya kila kitu kwanza, hata salamu. Nilitaka ukurasa ule niusome bila kukwama hata mara moja, uwe zawadi. Nilipofika Bez Valley mbingu ikafunguka, ile mvua yetu ya mawe ya alasiri, na begi langu zipu ya nje ilikuwa mbovu. Nilipokitoa nyumbani, kurasa za mwisho zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizokunjwa zikiwa moto.

Mtu mwenye akili angekianika. Mimi nilichukua pasi.

Nilipiga pasi kama napiga shati. Kurasa za vijiji vingine zilinyooka vizuri kabisa, na hilo likanipa kichwa. Nilipofika Prickwillow nikaikandamiza zaidi, nikasikia harufu. Nikainua pasi. Ukurasa wa kijiji cha Bi Wini, mbele na nyuma, ulikuwa umekuwa rangi ya chai, maandishi yameondoka na kuganda chini ya pasi. Nilisoma maneno mawili tu: "mto" na "kanisa".

Kesho yake nikaingia sebuleni kwake. Alikuwa amekwisha vaa koti. Alikuwa amejichana nywele.

"Leo hata usiniambie," alisema. "Najua tunakwenda wapi."

Mwanangu, sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi. "Nimekiharibu kijitabu chako, nisamehe." Nilikuwa nayo mdomoni tangu Observatory, nimeifanyia mazoezi nikishuka, nimeifanyia mazoezi nikipanda. Nilipouona mkono wake umeshika kifungo cha juu cha koti, ikarudi tumboni. Nikafungua ule ukurasa wa kahawia, nikakohoa, nikaanza kusoma kisichokuwepo.

Nilisema kijiji kimekaa chini ya kilima kizuri, na kanisa liko juu ya kilima. Mto unashuka kwa kelele kati ya nyumba, watoto wanateremka nao mbio wakienda shule, halafu wanapanda upande wa pili. Asubuhi ukungu unashuka kutoka kileleni, na kuna chemchemi ambapo wanawake wanateka maji wakiimba. Kilima na kushuka na kupanda nilivitoa hapa hapa, njia yangu ya kila siku. Chemchemi na ukungu nilivitoa kwa bibi yangu wa Tanga, mama yake babu yako, aliyelelewa kwenye vijiji vya juu ya Muheza. Niliwahi kumsikia akiongea na Baba kwenye simu. Mimi maishani mwangu sijawahi kuona mahali pasipo na mlima. Sikujua kwamba mahali kama hapo huwezi kupatunga kwa kubahatisha, hata kama umesomewa mara kumi kwamba ni tambarare kama sinia.

Bi Wini aligeuza uso, akanitafuta kwa pembe ya jicho.

"Kilima?" akauliza.

Hapo ndipo ningeweza kurudi. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ndiyo, Bi Wini. Imeandikwa."

"Soma tena."

Nikasoma tena, neno kwa neno, maana kumbukumbu yangu ni nzuri mno kwa mambo mabaya. Alipotosheka akafungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, akalivua mwenyewe, akanipa nikalitundike.

"Asante, Zuhura," alisema. "Leo nimechoka."

Nikarudi nyumbani nikidhani nimepona.

Kuna jambo sikulijua, na Mama alilijua. Bi Wini alikuwa na binti yake kule Cape Town, na kwa muda mrefu binti huyo alikuwa anasema mama yake anasahau, nyumba iuzwe, ahamie huko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bi Wini alikuwa anakataa. Sababu yake ilikuwa moja siku zote: "Macho yamekwenda, kichwa kipo. Niulize vijiji kutoka Ely kuelekea mawio ya jua, nitakutajia vyote na nyumba zake." Hiyo ndiyo ilikuwa nguzo yake. Na mimi, kwa adabu na sauti nzuri, nikaing'oa.

Wiki ile hakuomba asomewe. Koti likabaki ukutani. Alikuwa anamwuliza Mama leo ni siku gani, akijibiwa anauliza tena, si kwa kusahau, bali kujipima. Alijitajia jina la mumewe kwa sauti ya chini. Mama akaniambia nisiende kumsumbua.

Jumatano tulikuwa tunakula. Mama alikuwa anaukata ugali bila kuutia mdomoni.

"Bi Wini amempigia binti yake," alisema. "Anakuja Ijumaa na karatasi za kuuza nyumba. Bi Wini amekubali kusaini."

"Amekubali? Yeye?" Baba akashangaa. "Si alisema atatolewa mule kwa machela?"

"Amekubali. Anasema kuna kilima kwao, na yeye amekisahau. Ananiambia, 'Mtu aliyesahau kilima kizima, kesho atakumbuka kuzima jiko?'" Mama akajifuta macho kwa kanga. "Sililii kazi. Kazi nitapata. Ila mlimwonaje alivyokuwa anasema hivyo? Kama mtu anayeomba radhi."

Niliacha ugali wangu mezani. Nilikwenda kuandika kwenye daftari langu: nitamwambia kesho. Kesho yake nikaandika tena: nitamwambia kesho. Niliona nikishaandika moyo unatulia, na huo ndio ubaya wa daftari, mwanangu, nakuambia mimi ninayelipenda. Linakusikiliza vizuri mpaka unasahau kwamba halijamwambia mtu yeyote.

Ijumaa nilitoka shule nikakimbia. Nilishuka, nikapanda. Nilipoingia, Bi Wini alikuwa amekaa mezani badala ya dirishani, na binti yake, mama mtu mzima mwenye miwani iliyotundikwa shingoni, alikuwa anamwelekeza kidole chake mahali pa kusaini. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa mkononi.

Nikasogea mpaka mezani.

"Nani huyo?" Bi Wini akauliza.

"Mwanangu, Bi Wini," Mama akasema. "Zuhura, siyo sasa. Nenda kakae nje."

Mama aliponiambia hivyo miguu ilitaka kutii. Nusura nishukuru. Badala yake nikavua begi, nikatoa kijitabu, nikakiweka juu ya zile karatasi, chini ya mkono wake, kimefunguliwa pale. Sauti sikuwa nayo, lakini yeye alikuwa na vidole. Vilipita juu ya ukurasa, vikasimama, vikarudi. Ukurasa ulilia kama jani kavu. Akaunyanyua puani, akaunusa.

"Hii imeungua."

"Pasi," nikasema.

Lilikuwa neno moja tu, lakini lilivuta mengine.

"Pasi, Bi Wini. Kilinyeshewa, nilikichukua bila ruhusa, nikakipiga pasi. Hakikuandikwa kitu. Yaani kiliandikwa, lakini nilikiunguza. Sikusoma. Nilitunga."

"Na kilima?"

"Hakuna kilima. Nilikiweka mimi."

Binti yake alivaa miwani kunitazama. "Ulifanya nini wewe?"

Lakini Bi Wini alimwekea mkono. Alikuwa anakaa wima, polepole, kama mtu anayetua mzigo.

"Hakuna kilima," alisema. "Mto uko juu ya mashamba. Ukisimama shambani maji yanapita juu ya kichwa chako, tuta ndilo linayazuia. Ardhi ile tangu ikaushwe inanywea, inashuka. Nyumba ya kasisi ilijengwa mlango ukiwa sawa na ardhi, sasa unaingia kwa kupanda ngazi, na nyumba haikuinuka, ni dunia iliyoshuka. Upepo ukija kabla mimea haijashika, udongo mweusi unaruka, mama yangu anafua shuka zile zile mara mbili. Na upande wa machweo, ukisimama mlangoni kwetu, meli ile pale. Haiondoki."

Alikuwa ameinua mkono kuionyesha. Sote tulitazama ukutani.

Binti yake alivua miwani, ikaning'inia shingoni. Kisha akachukua kalamu, akaifunika kifuniko chake. "Mama," alisema, "hizo shuka umewahi kunieleza nikiwa mdogo. Mara mbili, ndiyo." Akakusanya karatasi, akatoka barazani, na nadhani alikuwa analia.

Mama aliponitazama, mwanangu, nilitamani nirudi kwenye mvua ya mawe. Lakini aliyenikemea ni Bi Wini.

"Kaa pembeni yangu nikuone," alisema. Nikakaa. "Kijitabu ni karatasi. Kingeungua chote nisingelia. Kilichoniumiza ni neno moja. Nilikuuliza, ukanijibu 'imeandikwa'."

"Nisamehe, Bi Wini."

"Nisikilize kwanza. Macho yangu ni mabovu, lakini yana adabu kuliko wewe. Yakishindwa kuona, yananionyesha ukungu. Hayanitungii vitu. Nami nikiona ukungu najua: hapa sioni, niulize. Wewe ulinipa kilima, nikaamini kilima chako kuliko miguu yangu iliyotembea pale miaka kumi na tisa. Unajua kwa nini?"

Nikatikisa kichwa. Kisha nikakumbuka. "Hapana."

"Kwa sababu nilikuamini. Sikuwa nimeamini mtu kusoma kwa sauti nzuri namna ile tangu mume wangu afe." Akapapasa ukurasa. "Chemchemi ile ilikuwa ya nani?"

"Ya bibi yangu. Kule Tanga."

"Umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulichukua mahali usipopajua ukapaweka juu ya mahali usipopajua."

"Ndiyo."

"Eish," alisema Bi Wini, na alikuwa akilisema neno hilo kama mzaliwa wa hapa. "Basi mwambie bibi yako kwao ni kuzuri. Kidogo nihamie."

Mama akacheka kwa nguvu jikoni, na kitambaa kikamwanguka. Kisha Bi Wini akanituma kalamu na karatasi, akanisomea Prickwillow kutoka kichwani, mimi nikaandika. Nilipochoka mkono akaniambia nipumzike, siyo niruke. Ule ukurasa wangu tuliubandika juu ya ule wa kahawia, na tangu siku hiyo nikisoma nikifika pasiposomeka, nilikuwa nasema, "Hapa sioni, Bi Wini," naye anasema, "Sharp, sawa. Endelea panapoonekana."

Alikaa nyumbani kwake, kwenye dirisha lake, mpaka alipofariki baridi iliyopita. Binti yake alimpa Mama mfuko aniletee. Ndani mlikuwa na kijitabu, na koti la kahawia.

Juzi nilipiga simu Tanga. Nilikuwa nimekwisha anza kutunga, nikwambie ukweli. Nilikuwa nimeandika kwa ajili ya arobaini yako kilima na chemchemi na wanawake wanaoimba, ile ile, maana ilikuwa tayari na inapendeza. Nikajisikia harufu ya pasi. Nikapiga simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Zuhura."

"Zuhura wa Sauzi? Leo una sauti! Kuna msiba?"

"Hapana, Bibi. Nataka unieleze kwetu kukoje. Kile kilima chenu, na chemchemi."

"Kilima kipi? Sisi tulikaa bondeni. Kilima kilikuwa cha watu wengine, tulikitazama tu. Na hiyo chemchemi ilikuwa inanuka mayai viza, nani kakudanganya?"

Tuliongea mpaka vocha ikaisha. Sasa ninajua kwamba kwenu kuna mto wa mawe ambao watu huuvuka viatu mkononi. Ninajua iliki ilikuwa inaanikwa kwenye majamvi mpaka njia nzima inanukia, na kwamba mtoto aliyeikanyaga alikuwa anajulikana kwa harufu ya miguu yake usiku kucha, hata akikataa. Nilimwuliza msikiti ulitazama upande gani wa nyumba yao. Akasema, "Hapo nimesahau, mjukuu wangu." Nikaandika: Bibi amesahau.

Kwa hiyo keshokutwa nitakubeba, mwanangu. Mwezi wa sita huu baridi kali, nitavaa koti la Bi Wini, nitakuingiza ndani yake, kichwa nje. Nitakuonyesha mlango wetu, na spaza, kile kiduka cha kona, na bonde, na Kensington ng'ambo, na mnara wa Hillbrow unaoonekana kutoka kila mahali. Kisha nitakugeuza kuelekea Tanga, na mbele ya watu wote nitasema: mimi sijafika, lakini Bibi ameniambia hivi. Na pa msikiti nitasema: hapo hatujui, tutauliza. Kama sauti itatetemeka, itetemeke.

Nasaha yangu kwako ni hiyo tu, ingawa nimeizunguka sana. Usipojua, sema sijui, hata kama watu wote wamevaa makoti yao wanakusubiri. Haya itakuambia kwamba kutunga ni adabu na kukiri ni aibu. Mimi niliisikiliza, na ilinidanganya. Ukikosea, mwambie yule uliyemkosea, mapema, kwa mdomo wako, siyo daftari. Na mtu anayekuamini akikuuliza mara ya pili, jua amekufungulia mlango, pita.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe miguu ya kufika kwenu na kurudi kwenu, kote kuwili. Akupe macho ya kuona mbali, na siku yatakapoingia ukungu, akujaalie mtu wa kukaa pembeni yako, akusomee kilichoandikwa, na pasiposomeka akwambie.